Bolti Kumi na Sita za Fundi Meno

Gari lilifika kituo cha ukaguzi saa tatu asubuhi likiwa mgongoni mwa lori, limefunikwa shuka la kitanda. Si turubai, shuka, tena la maua, lililofuliwa na kupigwa pasi. Mkaguzi aliliona kupitia dirisha la ofisi akasema kimoyomoyo, leo nimeletewa bibi harusi.

Mkaguzi huyo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mama wa watoto watatu, mwenye stashahada ya ufundi wa magari na mdomo usiotiwa sukari. Madereva walimwita Mama Hapana. Hakuwa mkali kwa kupenda ukali. Kila gari lililosimama mbele yake alilipima kwa swali moja tu: mtoto akikatiza barabara ghafla, hili litasimama? Kama halisimami, basi, na asibembelezwe. Walikuja watu na vicheko, wakaja na machozi, na mmoja aliwahi kuja na mama mkwe wake amwombee. Wote waliondoka na karatasi nyekundu.

Ambalo madereva hawakulijua ni kwamba Mama Hapana aliyapenda magari kupita kiasi, hasa ya zamani. Likipita gari la enzi za ujana wa baba yake aliacha mazungumzo katikati, na wanawe walishazoea kusimama pembeni wakingoja mama arudi duniani. Mengine aliyatambua kwa mlio kabla hayajakata kona. Lakini kazi ilikuwa kazi. Alishinda akikagua mabasi yaliyochoka na pikapu za mchanga, na mwaka mzima uliweza kwisha hajaona kitu cha kumfanya avue miwani aifute.

Alitoka nje na ubao wake wa fomu. Mwenye gari alikuwa ameshashuka, mzee mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni, kucha safi kuliko za muuguzi. Alijitambulisha kwa kazi yake, kama watu wa rika lake wanavyofanya. Alikuwa fundi meno. Kwa miaka thelathini na nne alitengeneza meno ya bandia katika chumba kidogo nyuma ya kliniki, na nusu ya wazee wa mji ule walitafuna nyama kwa kazi ya mikono yake.

Mkewe alishuka upande wa pili na chupa ya chai. Mkaguzi alimwamkia. Bibi akaitikia marahaba, kisha akaelekeza kidevu kule juu ya lori.

"Huyo ndiye mke mwenzangu, mwanangu. Miaka kumi na moja tunaishi naye nyumba moja. Umkubali, umkatae, leo tumalize."

Mkaguzi alilisoma faili akasimama palepale. Mwaka uliopita mkaguzi mwingine, ambaye sasa alikuwa amestaafu, alilirudisha gari hili kwa ajili ya taa na mikanda. Vitu vidogo. Lakini kanuni ya magari yaliyoundwa nyumbani ni fupi na haina huruma: likikataliwa mara mbili, faili linafungwa na gari halipati namba ya usajili kamwe. Linabaki pambo la uani. Leo ndiyo ilikuwa mara ya pili. Mzee aliijua kanuni hiyo neno kwa neno. Alipolisimulia jambo lenyewe aliongea taratibu, lakini kidole gumba kilikuwa kinasugua kidole cha shahada bila kupumzika.

Gari lilishushwa. Shuka likavutwa.

Karani aliyekuwa anavuka uwanja na mafaili alisimama. Mafundi wawili wa upande wa malori waliacha tairi likiwa nusu limefungwa wakaja na spana mikononi. Mama Hapana mwenyewe alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na gari lilikuwa bado pale.

Hapo mwanzo lilikuwa gari dogo la kawaida la miaka sitini iliyopita, aina ambayo makarani wa serikali walinunua kwa mkopo. Fundi Meno alilipata kwenye jaa la vyuma likiwa bodi tupu, kuku wanataga ndani. Akalikata paa, akalishusha kiasi cha vidole vinne, akalirudisha bila kuacha alama hata ya ukucha. Sasa gari lilikuwa limeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza. Rangi yake ilikuwa kijani kiza, kile cha jani la mgomba upande wa kivulini, na ilikuwa na kina. Ukiitazama kwa muda unahisi unaweza kuzamisha mkono hadi kiwiko. Vitasa vya milango havikuwepo. Ulibonyeza mahali fulani chini ya kioo na mlango ukakufungukia wenyewe, na ulipoufunga ulitoa sauti ndogo nzito, kama kitabu kikubwa kinachofungwa na mtu aliyekimaliza.

Lakini uso wake ndio uliowafanya mafundi wa malori wakune vichwa. Pale mbele, badala ya wavu wa kiwandani, kulikuwa na vyuma ishirini na viwili vilivyosimama wima. Kila kimoja kilimiminwa peke yake na kung'arishwa kwa mashine ileile ya kung'arishia meno ya bandia, na hakuna viwili vilivyolingana kabisa. Vya katikati vilikuwa vipana, vya pembeni vyembamba, kama ilivyo kinywani mwa mtu. Gari lilikuwa linatabasamu, tena bila kujidai.

"Yanatoka usiku?" fundi mmoja wa malori aliuliza.

"Yanatoka, nayaweka kwenye glasi ya maji," mzee akajibu papo hapo, na kicheko kikalegeza uwanja.

Mkaguzi hakucheka sana. Alikuwa amepiga magoti mbele ya taa, anatazama jinsi duara la kioo lilivyokaa ndani ya duara la chuma bila pengo. Alikuwa amekagua magari mapya yaliyotoka melini yakiwa na mapengo makubwa kuliko hayo. Alipitisha kiganja juu ya bawa linalofunika tairi, akafumba macho, akatafuta bonde au kilima. Hakupata. Chuma kile kilipigwa kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga, jioni baada ya jioni. Alimwuliza mzee alitumia kipimo gani. Mzee akamwonyesha ncha ya ulimi. Akaeleza kwamba mtu akivaa meno mapya, ulimi unahisi hata upana wa unywele, na yeye alijifunza kazi kwa kuwasikiliza watu walalamishi. Chuma hakilalamiki, kwa hiyo yeye mwenyewe alilalamika kwa niaba yake.

Mafundi wa malori walilisukuma gari hadi juu ya shimo. Mkaguzi akachukua tochi, akashuka.

Chini ya gari ni mahali pa mafuta, tope na uongo. Ndivyo alivyowaambia wanafunzi waliokuja kujifunza kazi. Juu watu hupaka rangi na kuning'iniza manukato, chini huiacha kutu itawale. Basi aliinua tochi akiwa amejiandaa kusamehe kidogo, na hakukuta cha kusamehe.

Chini kulikuwa kuzuri kuliko juu.

Mabomba ya breki yalipita sambamba, yamepinda pamoja penye kupinda, kama mistari ya daftari. Mishono ya kuchomelea ilikuwa myembamba na ya hatua sawa, kama msuko wa mtu asiye na haraka. Na kwenye kila kipande, mahali ambapo jicho lisingefika bila tochi, palikuwa na tarehe ndogo iliyochongwa kwa kijimashine cha kutobolea jino. Ekseli ya nyuma ilikuwa ya miaka kumi iliyopita. Tangi la mafuta, miaka tisa. Mkaguzi alitembea ndani ya shimo kutoka nyuma kwenda mbele akiisoma miaka, na katikati akakuta pengo la mwaka mmoja na nusu ambalo halikuwa na tarehe yoyote. Aliuliza kutokea kule chini kulitokea nini.

Mkewe akajibu kabla ya mzee kwamba mwaka huo yeye aliugua, na fundi wa watu akaacha gari akawa mpishi wa uji.

"Uji wenyewe mbaya," akaongeza. "Nikaona heri nipone."

Mama Hapana alicheka peke yake shimoni. Alitaka gari hili lipite. Alitaka kama alivyowahi kutaka vitu vichache sana tangu azae. Aliona jinsi litakavyoshuka mtaani, watu wakitoka madukani, watoto wakikimbia pembeni. Aliifikiria sahihi yake chini ya fomu, na kwa mara ya kwanza kazini sahihi hiyo ilimpa fahari kabla hajaiandika.

Akafika mbele, kwenye usukani na breki. Hapo palikuwa na bolti kumi na sita, nane kila upande, zinazoshika mikono ya usukani na vishikio vya breki. Zote zilikuwa zimepakwa kromu. Ziling'aa kiasi kwamba aliuona uso wake mwenyewe mara kumi na sita, mdogo, umeshika tochi.

Alichukua spana ya kupimia, ile inayotoa mlio bolti ikifikia kipimo cha kitabuni, akaweka kwenye ya kwanza. Bolti ikazunguka. Haikupaswa kuzunguka. Akajaribu ya pili, nayo ikamfuata kirahisi. Aliiacha spana, akapanda ngazi, akamwuliza mzee ni nani alizifunga zile bolti.

"Mimi mwenyewe. Kwa mkono. Spana niliizungushia kitambaa, zisije zikakwaruzika."

"Kromu umepeleka wapi?"

Alizipeleka kwa wachovyaji wa vyuma, wanaong'arisha vitanda na mabomba ya bafuni. Miezi miwili tu iliyopita, kama zawadi ya mwisho kwa gari. Mkaguzi aliuliza kama walizioka tanurini baada ya kuzitoa kwenye beseni. Mzee akamtazama kama aliyeulizwa kama walizipika kwa nazi.

Mkaguzi hakupenda kuzungukazunguka, akamweleza moja kwa moja. Bolti za kitanda ni chuma laini, zichovye utakavyo. Bolti za usukani ni chuma kigumu, na chuma kigumu kikiingia kwenye tindikali ya wachovyaji hunywa gesi. Kisipookwa siku hiyohiyo ili gesi itoke, kinabaki nayo ndani. Kwa nje kinameremeta, ndani kimekuwa biskuti. Jicho halioni, wala tochi. Kikilegezwa kinakaa vizuri, ndiyo maana zilikuwa hazijavunjika. Kikibanwa sawasawa kinakatika chenyewe, leo au wiki ijayo, pengine kwenye kona.

"Zitoe zote, weka za kawaida, nyeusi," akasema. "Gari halijatoka uwanjani, ukaguzi haujafungwa. Una hadi saa kumi."

Hapo ndipo mzee alipomshangaza. Alikataa. Hakupandisha sauti, alikataa tu. Alisema maisha yake yote amefanya kazi ambayo hakuna anayeiona. Watu wanatabasamu kwa mbele, lakini yeye alikuwa anang'arisha hata upande wa nyuma wa jino, unaogusa ulimi peke yake. Gari hili lilikuwa kamili juu na chini. Kulipachika bolti kumi na sita za lori ni kumwekea mtu jino la bati. Tena, akasema, mama, wewe umesoma, lakini chuma ni chuma, nami nimekishika miaka mingi kuliko umri wa watoto wako.

"Hakuna atakayeziona huko chini, baba."

"Mimi nitaziona. Afadhali libaki uani likiwa kamili."

Mkewe alikaza kizibo cha chupa ya chai. Ulikuwa ni ugomvi wa zamani na yeye alishaujua mwisho wake.

Mama Hapana angeweza kuandika karatasi nyekundu dakika ile akaenda kunywa chai yake. Badala yake alimwambia mzee afungue bolti nne, zozote azipendazo. Akazipeleka kwenye meza ya chuma karakanani, akachukua bonge la chuma nene lenye matundu, akazipenyeza nne hizo na kuzifungia nati hadi spana ikalia kwa kila moja. Kando yake akafunga bolti nyeusi kutoka kwenye droo yake, saizi ileile, kipimo kilekile. Akapiga mkono mmoja juu ya mwingine kuonyesha kwamba hagusi tena. Akamwambia mzee avute kiti, akae, atazame. Asizipige, asizipashe moto, asizifanye lolote. Bolti nzima inaweza kukaa hivyo hadi wajukuu waolewe.

Mzee akakaa. Mkewe akamimina chai. Mkaguzi akaenda kukagua basi moja na pikapu mbili, akayarudisha yote, na kila alipopita mlangoni aliwaona wawili wale wamekaa mbele ya bonge la chuma kama watu wanaongoja mgonjwa atoke chumba cha upasuaji. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Mzee alianza kukaa wima zaidi kitini. Ilipofika saa tano na nusu alimtupia mkaguzi jicho ambalo halikuhitaji maneno, na mkaguzi, Mungu amsamehe, alifurahi. Alijikuta anaomba awe amekosea. Aliingia akasimama nyuma yao.

Tak.

Haikuwa sauti kubwa. Kichwa cha bolti ya pili kilidondoka juu ya meza, kikabingirika nusu duara, kikatulia kimelala ubavu. Hakuna aliyekigusa. Mlango ulikuwa umefungwa, hata upepo haukuwepo. Wakakitazama wote watatu. Mahali kilipokatikia palikuwa pa kijivu na chengachenga, kama sukari guru iliyovunjwa, na pembeni kromu ilikuwa bado inang'aa bila kasoro.

Bibi aliweka kikombe chini taratibu sana.

Mkaguzi alikuwa amelisoma jambo hili chuoni, ametungiwa hata maswali ya mtihani juu yake, lakini hakuwahi kuliona kwa macho yake. Chuma kilichotulia, kisichobebeshwa gari wala mtu, kimekatika kwa yaliyomo ndani yake. Kabla hajapata la kusema, ya nne nayo ikafanya tak, kichwa chake kikaruka hadi sakafuni na kwenda kukaa chini ya kiti cha mzee.

Fundi Meno aliinama akakiokota. Alitoa kioo chake cha kukuzia mfukoni, akakiweka jichoni, akatazama mahali pale palipovunjika kwa muda mrefu, kama alivyotazama mamia ya meno yaliyorudishwa na wateja. Alipoinua uso alikuwa amezeeka kidogo.

"Jumamosi ilikuwa nimpeleke huyu ufukoni," akasema, akimwonyesha mkewe kwa kichwa. "Barabara ya mteremko ule."

Mkewe alimshika bega, kisha akamwomba mkaguzi aandike saizi kwenye karatasi. Akaichukua pamoja na ile bolti nyeusi ya mfano, akamwambia dereva wa lori awashe, wakaenda duka la vipuri wao wawili. Alirudi kabla ya saa saba na bolti kumi na sita nyeusi ndani ya mfuko wa mkate, na alama ya ugumu kwenye kila kichwa, kama alivyoagizwa. Alikuwa amezihesabu mara tatu na kumgombeza muuzaji kwa kumpa moja yenye kutu.

Mkaguzi haruhusiwi kutengeneza gari analolikagua, hivyo alisimama juu ya shimo na kumwangazia tochi. Mzee alishuka mwenyewe. Alizitoa zote zilizobaki, akazipanga ukingoni. Akaziingiza zile nyeusi, moja baada ya nyingine, bila kitambaa safari hii, kwa spana ya kupimia, na kila ilipolia alitulia kidogo akasikiliza. Karani alipita na kuchungulia. Mafundi wa malori walimaliza tairi lao lakini hawakuondoka. Bolti ya kumi na sita ilipolia, mzee aliweka kiganja juu yake akakiacha pale.

"Zimekaaje?" mkewe akauliza kutoka juu.

"Zimekaa kama magego," akasema. "Hayapendezi. Ndiyo yanayotafuna."

Saa tisa na robo gari lilisukumwa kwenye mashine, breki zikapimwa na mshale ukapanda kushoto na kulia kwa pamoja, kama mabega ya mtu anayevuta pumzi. Ikabaki safari ya majaribio, na hiyo ni lazima mkaguzi aendeshe peke yake kuzunguka uwanja wa nyuma. Mama Hapana alifuta viatu kwenye suruali kabla ya kuingia. Kiti kilimpokea. Mbele yake dashibodi ilikuwa ya mti mmoja, mistari yake inapita kutoka mlango hadi mlango bila kukatika, na injini ilipowaka hakuisikia kwa masikio bali kwa viganja.

Akaachia klachi. Gari likaondoka kama linalokumbuka njia. Kwenye kona ya kwanza alikata usukani na mbele nzima ikamfuata, imeshikwa barabara, hakuna kelele, hakuna mtetemo. Akakanyaga breki ghafla, kwa nguvu zake zote, na gari likasimama palepale limenyooka, na yeye akabaki ameshika usukani. Kuna mtu alikitoa kitu hiki kwenye jaa la vyuma.

Kwenye kioo cha pembeni alimwona Fundi Meno amesimama ukingoni mwa uwanja, mkono mdomoni. Ndipo alipong'amua. Mzee alikuwa amelilalia chini, amelikalia ndani, amelizunguka mara elfu; lakini hakuwahi kuliona gari lake likitembea kwa injini yake. Mkewe alikuwa amemshika kiwiko, anamwonyesha kwa kidole, kana kwamba lingeweza kumpita asilione.

Fomu inataka mzunguko mmoja. Mkaguzi alipita mbele yao, akapunguza mwendo ili walitazame vizuri, akaingiza gia ya pili, akaenda tena.